Besi Watangulie

Ujumbe wa Héritier ulimkuta Umuhire akimtolea mteja nakala za cheti cha ubatizo, na kwa vile aliusoma huku mkono mmoja uko kwenye mashine, alikigeuza cheti vibaya akatoa nakala kadhaa za mgongo wake, nyeupe pe.

"Yaya," Héritier alikuwa ameandika, "nilishachoka kungoja. Kama Pentekoste inafika na version ya pili haiyatoka, nitabeba kode nitaenda kuanza yangu. Licence inaniruhusu. Weye mwenyewe njo uliichagua."

"Maman, hii ni nini sasa?" mteja akauliza, akiinua karatasi moja dhidi ya mwanga.

Umuhire akaomba radhi, akatoa nakala nyingine, akamsindikiza mteja kwa tabasamu la bandia. Kisha akaketi kwenye kiti cha wateja ndani ya kile kibanda chake cha uchapaji pale Kamembe, akausoma ujumbe tena. Roho ilimuuma.

Kitu walichokuwa wakigombania kiliitwa Tuimbe. Ni programu ya simu, kitabu cha nyimbo za kanisa kwa Kiswahili, Kinyarwanda, Kimashi na Kifaransa. Umuhire aliianza zamani akiwa bado Bukavu, alikozaliwa na kukulia, kabla familia yake haijarudi Rwanda. Héritier, mtoto wa jirani aliyemwita yaya, yaani dada mkubwa, akajiunga naye. Ni programu huria: haiuzwi, na msimbo wake, yaani yale maandishi yanayoiendesha, uko wazi kwa kila mtu. Anayetaka anausoma, anayeona kosa anarekebisha, na anayechoshwa na wenzake ana haki ya kunakili kila kitu akaenda kuanzisha yake. Haki hiyo ya mwisho ni tamu sana kuieleza kwenye mikutano. Ikitumiwa dhidi yako, ni habari nyingine.

Kwaya za ng'ambo zote mbili za mto Rusizi, mpaka wa Rwanda na Kongo, zilikuwa zikitumia Tuimbe, na kila Pentekoste ziliimba pamoja, mwaka huu huku, mwaka ujao kule. Umuhire aliipenda siku hiyo kuliko Krismasi, wala hakuona haya kulisema. Huku wilayani Rusizi, upande wa Rwanda, majirani walimwita "yule wa Kongo". Akivuka Bukavu aliitwa Mnyarwanda. Siku ya Pentekoste aliitwa alto, basi, akapangwa mstari wa pili na wanawake wenzake. Héritier akijitenga, vitabu vitakuwa viwili, kimoja cha huku na kimoja cha kule, na siku ile itakufa polepole bila hata mtu kuitangazia msiba.

Sasa, asiyewahi kuimba kwaya hajui ugonjwa wa namba. Wanakwaya hawaiti wimbo kwa jina. Kiongozi anasema "mia moja na kumi na nane", na watu arobaini wanafungua vinywa. Ukizoea, hata simu huiangalii. Namba inatoka sikioni inashuka moja kwa moja kooni. Ubaya ni kwamba toleo la kwanza la Tuimbe liliruhusu kila parokia kuongeza nyimbo zake mwishoni, na sasa mia nne na tatu ilikuwa wimbo wa Bikira Maria Kamembe, shukrani ya mavuno Bugarama, na Uvira haikuwa kitu chochote. Pentekoste iliyopita nusu ya mazoezi iliishia kwenye kuulizana "ya kwenu ni ngapi?"

Toleo la pili lilikuwa dawa ya hayo yote. Wimbo mmoja, namba moja, kila mahali. Kazi yake ilikuwa imekwisha, imeoga na kuvaa, inasubiri kutoka nje. Ilikuwa imesubiri zaidi ya mwaka, na aliyeizuia mlangoni alikuwa Umuhire.

Alikuwa na sababu. Alikuwa ameijaribisha kwa kwaya moja ndogo huko Rwimbogo. Siku moja wakaenda kuzika. Kiongozi akataja namba ya wimbo wa kumuaga marehemu, ile ile waliyoizoea, na kwaya nzima ikaifungua kwenye toleo jipya, ambako namba hiyo ilikuwa imehamia kwa wimbo wa kumwingiza bibi harusi kanisani. Kwaya ikitajiwa namba haibishani nayo. Waliimba ubeti mzima kando ya kaburi, na wengine walishaanza kupiga makofi, kabla mjane hajainua uso. Umuhire alikwenda Rwimbogo kuomba msamaha, akasamehewa na mjane mwenyewe, akapewa na chakula, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Tangu siku hiyo kila alipofika mahali pa kubonyeza ili toleo litoke, alifunga kompyuta.

Jumamosi akavuka daraja la mpakani, Rusizi ya Kwanza, kwa miguu, kati ya wanawake wenye mabeseni ya nyanya na wachukuzi wanaopiga miluzi kuomba njia, akapanda hadi kwenye kibanda cha Bukavu ambamo Héritier anatengeneza simu. Alikuwa amejiandaa vizuri. Alikuwa na mpango.

"Tutoe parokia kwa parokia," alimwambia. "Tunaanza na za kule kwetu Kamembe. Tukiona hakuna shida, tunaongeza ingine. Kisha Bugarama. Bukavu itafuata mwaka ujao, polepole, bila makelele."

Héritier aliweka bisibisi chini. Ni kijana mwembamba, tenori, na ana haraka ya tenori zote duniani, wale ambao kiongozi hajashusha mkono wao wameshaingia.

"Mwaka muzima?" akasema, kwa Kiswahili cha Bukavu kinachogeuza "watu" kuwa "batu". "Donc Pentekoste hii benu bako na namba yabo, sisi tuko na yetu. Tutaimba namna gani pamoja?"

"Mwaka huu tutasamehe."

"Tutasamehe!" Akacheka bila furaha. "Yaya, weye unaogopa miye nisikate kitabu mara mbili, na weye mwenyewe uko naikata. Unaikata kwa mupaka kabisa, huku na kule. Juu ya nini?"

Umuhire alikuwa ameupanga mpango ule wiki nzima na hakuwa ameliona hilo.

"Niko naogopa," akasema hatimaye. "Rwimbogo weye haukuenda. Miye nilimuona yule mama."

"Ninajua." Sauti ya Héritier ilishuka. "Lakini haiko Rwimbogo tu. Miaka yote niko napika kwa jikoni yako, na ufunguo ya nyumba iko na weye peke yako. Nikirekebisha kosa, ninakungojea. Ukigonjwa, ninakungojea. Siku ukikasirika, batu bote banangojea. Haunaonaka hiyo?"

Ufunguo aliousema ni wa kweli. Kila toleo la Tuimbe lazima litiwe muhuri kwa ufunguo wa siri, la sivyo simu za watu zinalikataa. Ufunguo ulikuwa mmoja, na ulikuwa kwa Umuhire. Alisema amechelewa, akarudi darajani kwa hasira, na katikati ya daraja akagundua kwamba hasira yenyewe haikuwa na mtu wa kuelekezewa isipokuwa yeye.

Alhamisi alikwenda mazoezini kwa sababu ilikuwa Alhamisi. Kiongozi wa kwaya yao ni Marguerite, muuza vitenge wa soko la Kamembe, mwanamke mnene mwenye sikio ambalo halisamehe. Jioni ile alileta wimbo mpya, na kama kawaida yake akawafundisha besi kwanza, peke yao, wengine wote wakae kimya. Hiyo ndiyo desturi pale. Marguerite anasema besi ni wazito kama magunia ya mchele, usipowatanguliza utawaacha njiani.

Kwa hiyo besi waliimba mstari wao, wakakosea, wakaimba tena. Mzee Niyomugabo, mkubwa wao, alifanya kazi maisha yake yote katika kiwanda cha saruji kule Bugarama na bado anaimba kama mtu anayeshindana na mashine. Wengine walikaa kwenye mabenchi, wakisikiliza, wakichezea simu, wakisengenya kidogo. Umuhire alikuwa ameshika tama, anawaza mambo yake ya parokia na mipaka.

Kisha Marguerite akawainua tenori, halafu alto. Alto waliimba mstari wao mara moja tu, bila kosa. Walikuwa wameshausikia wimbo ukipita kwa besi, wanajua unakwenda wapi. Umuhire aliimba hadi nusu ya mstari, kisha akaketi ghafla katikati ya wenzake waliosimama.

"Maman Gisa, uko mugonjwa?" Marguerite akamuuliza, akimwita kwa jina la mwanawe, mkono bado hewani.

"Apana. Mungojee kwanza. Ninafikiri."

"Kufikiri ni kwa nyumba," Marguerite akamwambia, na kwaya nzima ikacheka. Lakini Umuhire alikuwa ameshatoka nje, anampigia simu Héritier.

"Tusigawe kwa parokia," alisema hata kabla ya salamu. "Tugawe kwa sauti! Besi batangulie. Besi ya kila kwaya, ya huku na ya kule, siku moja. Wengine bote babakie na version ya zamani. Besi bakikosea, sauti tatu biko hapo bya kubarudisha. Kisha tenori. Kisha alto. Kila kwaya inakuwa na bitabu byote biwili ndani ya chumba kimoja, hakuna mwenye anatangulia mwenzake."

Upande wa pili bisibisi iliwekwa chini.

"Na soprano?" Héritier akauliza.

"Soprano ni wa mwisho. Soprano bakikosea, parokia muzima inasikia."

Alimsikia akicheka, safari hii cheko la kweli, lile la utotoni, na moyo wake ukatulia kidogo.

Wakaupanga mpango kwa pamoja, kwa simu, kwa siku nyingi. Besi wajaribu Kwaresima, mazoezini tu, kamwe isiwe kwenye misa wala msibani. Tenori wafuate baada ya Pasaka. Namba ya zamani iandikwe kwa herufi ndogo chini ya mpya. Kuwe na kitufe cha kurudi kwenye toleo la kwanza kwa mguso mmoja, bila kupoteza wimbo wowote. Na kwaya ikisema bado, hakuna atakayeisukuma. Héritier alilalamikia kila kipengele kisha akakikubali. Lakini lile tishio lake hakuliondoa, na kuhusu ufunguo hakuna aliyegusia tena.

Zoezi la kwanza la pamoja lilifanyika huku Rusizi, katika uwanja wa parokia, kwaya mbili za Bukavu zikiwa zimevuka na maturubai yao ya kuzuia mvua. Besi walisimama upande wa kulia, simu mkononi, wakijiona watu wakubwa. Mzee Niyomugabo alikuwa amevaa suti. Umuhire alikuwa kwenye mstari wake wa alto.

Marguerite akatazama huku na kule, akatangaza kama alivyozoea maisha yake yote: "Mia mbili na nane!"

Mia mbili na nane ya zamani ni wimbo wa toba, mzito, wa kupiga magoti. Besi walipaswa kutazama ile namba ndogo ya chini. Hakuna aliyetazama. Wakaandika mia mbili na nane kwenye kitabu kipya, wakapewa wimbo wa Krismasi, na bila kusita hata kidogo, katikati ya Kwaresima, Mzee Niyomugabo akatangaza kuzaliwa kwa mtoto Bethlehemu kwa sauti ya kutikisa madirisha. Besi wote wa Rusizi na wa Bukavu wakamfuata.

Umuhire aliacha kuimba. Akilini aliliona kaburi la Rwimbogo, akamwona yule mama akiinua uso. Ndiyo hii tena, alijisemea, nimefanya tena.

Lakini soprano walikuwa wakilia toba yao, na tenori wakilia nao, na alto waliomzunguka hawakukoma. Marguerite hakuwakatiza. Aliwapa besi mgongo, akawainulia wengine mikono wazidishe. Toba ikapanda. Kwa mistari michache Krismasi na Kwaresima zilikwenda pamoja, jambo la aibu kubwa, kisha besi mmoja wa Bukavu akakunja uso, akanyamaza, akahamia. Wa pili akahamia. Mzee Niyomugabo alikuwa wa mwisho. Alisikia amebaki peke yake na mtoto wake horini, akameza neno, na akashuka kwenye toba kwa noti sahihi bila kuitazama simu. Ubeti wa pili waliuimba wote, na uliimbwa vizuri.

Ulipokwisha, uwanja mzima ulianguka kwa kicheko. Mzee Niyomugabo alipangusa jasho.

"Noeli imefika mapema," akasema. "Tuanze tena, basi. Munatuangalia nini?"

Umuhire alicheka na wenzake, na machozi yakamtoka, na hakuyaficha. Rwimbogo kwaya nzima ilikuwa imeshika kitabu kimoja chenye kosa moja, na hapakuwa na sauti ya kuwarudisha. Hapa kosa lile lile lilikuwa limeingia mbele ya macho yake, na watu walikuwa wamelibeba wakalitoa nje wenyewe. Kwa zaidi ya mwaka alikuwa ameamini kwamba kazi yake ni kuhakikisha hakuna anayekosea. Nani aliyempa kazi ya namna hiyo?

Héritier akaja mbio kutoka kwa tenori, macho yakimng'aa.

"Yaya, nimeona kosa iko wapi. Batu habataangalia namba ndogo, hata tuwaombe namna gani. Kwa hiyo namba mupya isifanane na ya zamani hata moja. Tuanzie elfu moja kwenda mbele. Muntu akiandika mia mbili na nane, atapata ile ile wimbo yake ya zamani siku zote. Hakuna namba itahama tena."

Umuhire alimtazama. Lilikuwa jambo rahisi hivyo. Alikuwa ameikodolea macho kazi ile peke yake miezi na miezi, ameizungushia kufuli, na jawabu lilikuwa kwa mtu aliyeachwa barazani.

"Ni sawa," akasema, na aibu na furaha vikampanda pamoja. "Ni sawa kabisa, mudogo wangu. Andika hivyo."

Wakarudi kazini. Besi wakamaliza Kwaresima wakijisifu kwamba wao ndio wenye kitabu kipya. Baada ya Pasaka tenori wakapewa, wakataka alto nao wapewe siku hiyo hiyo, wakakataliwa. Alto wakafuata na kugundua nyimbo za Kimashi zilizopoteza ubeti wa mwisho, zikarudishwa. Soprano walinung'unika hadi mwisho kwamba wanadharauliwa, na walipopewa walisema mara moja kwamba walijua tangu mwanzo litakuwa jambo jema.

Ikabaki kulitoa toleo rasmi, kwa kila simu ya kila mtu, si za majaribio tu. Waliamua lifanyike Ijumaa kabla ya Pentekoste, mchana, watu wakiwa macho na mtandao ukiwa mzuri. Héritier alivuka akiwa na kompyuta mgongoni. Marguerite alifunga kibanda chake cha vitenge mapema akaja kukaa kwenye kile kiti cha wateja, kwa sababu, alisema, hataki kusimuliwa.

Umuhire aliipanga meza. Kisha akageuza kiti chake, akampisha Héritier.

"Toa weye," akamwambia.

"Na ufunguo?"

"Iko ndani ya machine yako toka asubuhi, nilikutumia. Haiko yangu nilikuazima. Nilitengeneza ingine, yako, kwa jina yako. Toka leo simu zitakubali muhuri yako sawa na yangu. Hata siku unanikasirikia."

Héritier alifungua kompyuta, akaitafuta, akaiona. Tenori yule asiyejua kungoja alikaa akilitazama jina lake mwenyewe kwenye kioo. Umuhire aliogopa kwamba atalia, na kwamba akilia yeye naye atalia, na Marguerite atasimulia soko zima.

"Ile yangu yenye nilikuwa nimeanza kule," Héritier akasema mwishowe, kwa sauti ndogo, "nimeifuta."

"Haya. Bonyeza sasa, Maman Marguerite iko nangoja."

Héritier akajongeza kiti. Akaweka kidole juu ya kitufe. Kwaya zote za ng'ambo mbili zilikuwa chini ya kidole kile sasa, harusi zote, misiba yote, kila mjane atakayeinua uso kando ya kaburi. Kidole kikakaa hapo. Kisha kikarudi nyuma.

"Yaya," akasema, na jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso. "Ungoje kwanza. Zile nyimbo za Uvira, nani aliziangalia mara ya mwisho?"

"Weye mwenyewe. Juzi."

"Ninajua. Lakini tuziangalie tena. Mara moja tu. Hakuna haraka."

Marguerite akapiga paja kwa kicheko. Umuhire naye alitaka kucheka, akashindwa, kwa sababu alikuwa ameitambua sura ile ya Héritier. Ilikuwa yake. Aliivaa peke yake miaka yote, akidhani hakuna mwingine inayemtosha. Akavuta kigoda, akaketi bega kwa bega na Héritier, na wakaanza kuzifungua nyimbo za Uvira, mmoja mmoja, yeye akisoma na Héritier akihakikisha, mpaka wote wawili waliporidhika na kijana akabonyeza.